Krimu Laini Haianzi Kwenye Kisu

Ukiwauliza waoka keki kwa nini krimu zao za siagi hazitulii, wengi watakutajia vitu viwili: mkono na vifaa. Huyu atasema hakujaliwa mkono wa kupamba. Yule atasema hana meza ya kuzungusha keki wala skrepa ndefu ya chuma kama za mafundi anaowatazama YouTube usiku kucha. Sikatai kwamba mkono uliozoea una kazi yake, na skrepa nzuri ina kazi yake. Ninachokataa ni namna lawama zinavyogawiwa. Krimu iliyochimbika, iliyojaa vitundu, iliyobeba makombo ya keki au inayoporomoka ubavuni huwa imeshaharibika kabla kisu hakijaigusa, na mara nyingi kilichoiharibu ni joto: joto la krimu yenyewe, joto la keki na joto la chumba unachofanyia kazi. Haya matatu yakipatana, hata mwanafunzi atatoa keki ya kuuzika. Yakigombana, fundi wa miaka mingi naye atapaka, atapangua, atapaka tena, na mwisho ataufunika uso wote kwa maua ya krimu ili aibu isionekane.

Tuanze na siagi. Siagi ya maziwa ni mafuta kwa asilimia 80 au zaidi. Maji hayazidi asilimia 16, na kinachobaki ni protini na sukari kidogo ya maziwa, pamoja na chumvi ikiwa imetiwa. Mafuta hayo si ya aina moja. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, kila moja na joto lake la kuyeyukia, ndiyo maana siagi haiyeyuki ghafla kama barafu bali hulegea hatua kwa hatua. Ikitoka friji, kwenye nyuzi 4, ni ngumu ya kukatwa kwa kisu. Ikifika nyuzi 18 hadi 21 imelegea vya kutosha kupokea hewa na sukari, huku ikiwa bado na chembe ngumu za mafuta zinazoishika hewa hiyo isitoroke. Ikifika nyuzi 32 hadi 35, chembe hizo zimekwisha, na ulichonacho bakulini ni mafuta ya kumiminika. Krimu hupakika vizuri katika sehemu nyembamba tu ya safari hiyo, takriban nyuzi 20 hadi 23. Chini ya hapo huwa nzito, na kila skrepa inapopita huichana na kuacha mipasuko. Juu ya hapo huanza kung'aa mafuta na kuteleza, ukiinyoosha upande huu inavimba upande ule. Kuyeyuka chini ya joto la mwili ndiko kunakoifanya siagi ipendeze mdomoni, na ndiko kunakoifanya isumbue mezani.

Sasa chukua maelekezo ya krimu yaliyoandikwa Uingereza au Marekani, ambayo ndiyo chanzo cha mengi yanayozunguka huku kwetu kwenye simu. Yatakwambia uache siagi ifikie joto la chumba. Aliyeyaandika alikuwa na chumba cha nyuzi 20 akilini. Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa nane mchana, jikoni pasipo kiyoyozi, joto la chumba ni nyuzi 31 au 32, na oveni ikiwa imewaka linapanda zaidi. Mombasa na Unguja hali ni hiyohiyo. Nairobi mwezi wa Julai, alfajiri, nyuzi zinaweza kushuka hadi 13 au chini yake, na siagi iliyolala mezani usiku kucha haitabonyea kwa kidole. Watu wawili wenye ujuzi sawa, wakifuata sentensi moja ya maelekezo, mmoja ataishia na supu na mwingine na krimu inayochanika. Hapa ndipo hoja ya kipaji inapoanguka. Kama tatizo lingekuwa mkono, lisingebadilika na msimu. Lakini krimu ileile inayomtoa mtu machozi pwani mwezi wa Februari hupakika kwa raha mwezi wa Julai, wala hakuna aliyebadilishiwa mikono kati ya miezi hiyo.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza cha kununua ni kipimajoto cha jikoni, kile cha sindano, kabla hata ya meza ya kuzungusha. Kichome katikati ya krimu, kisha usome. Asiyekuwa nacho atumie kidole: siagi iliyo tayari kupigwa hubonyea na kushika alama, lakini kidole hakitoki kimelowa mafuta. Pwani, dakika 15 au 20 nje ya friji zinatosha, hasa ukiikata vipande vidogo, na kumbuka kwamba mashine nayo huongeza joto kadiri inavyosaga. Kosa kubwa hapa ni kuongeza sukari krimu inapolegea. Sukari haipunguzi joto. Utapata krimu tamu kupita kiasi, kavu na yenye mchanga, na ikikaa dakika 10 italegea vilevile. Badala yake weka bakuli friji dakika 10, koroga, pima, rudia mpaka irudi kwenye nyuzi zake. Au likalishe juu ya beseni la maji ya barafu huku ukikoroga. Ikiwa tatizo ni kinyume, krimu imekuwa ngumu au imekatika vipandevipande, chota kikombe kimoja, kipashe moto mpaka kikaribie kuyeyuka, ukimimine tena bakulini huku mashine inazunguka. Itashikana mbele ya macho yako. Krimu nyingi zinazomwagwa zingeokolewa kwa njia hizi mbili.

Baada ya joto inakuja sukari, na hapa hesabu ndogo inaeleza mengi. Krimu ya kawaida ya nyumbani ni siagi sehemu moja na sukari ya unga sehemu mbili kwa uzito: tuseme gramu 250 za siagi na gramu 500 za sukari. Maji yaliyomo kwenye siagi hiyo hayazidi gramu 40. Maji ya nyuzi 20 huyeyusha sukari takriban mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo gramu 40 zitayeyusha gramu 80 hivi. Ongeza vijiko viwili vikubwa vya maziwa, umepata nafasi ya gramu 50 au 60 nyingine. Zinazobaki, zaidi ya gramu 350, zitabaki chembe hata ukiipiga saa nzima. Kama haziwezi kuyeyuka, basi hazina budi kuwa ndogo kiasi cha kutosikika ulimini. Ndiyo sababu sukari ya kawaida iliyosagwa kwenye blenda ya nyumbani hukatisha tamaa: kwa macho ni vumbi, lakini ndani yake mna punje kubwa nyingi. Ukilazimika kuitumia, isage kidogokidogo na uichekeche kwa chekecheo laini mara mbili. Ya dukani nayo ichekeche. Huwa imetiwa wanga kidogo wa mahindi kuizuia isigandane, ila kwa unyevu wa pwani hugandana hata hivyo, na donge moja dogo kama mbegu ya papai likinaswa chini ya skrepa hulima mtaro kuzunguka keki nzima. Mpakaji atailaumu skrepa, na kesho yake atanunua nyingine.

Ukiielewa hesabu hiyo utaelewa pia kwa nini krimu ya Uswisi husifiwa kwa ulaini. Katika krimu hiyo sukari hutiwa kwenye ute wa mayai, ikapashwa juu ya mvuke wa maji huku ikikorogwa mpaka nyuzi 71, kiwango ambacho pia huua bakteria wa salmonela. Sukari yote huyeyuka. Ukisugua tone moja kati ya vidole viwili husikii chembe. Kisha ute hupigwa mpaka uumuke na bakuli lipoe kabisa, ndipo siagi laini hutiwa kipande baada ya kipande. Gramu 150 za ute, gramu 250 za sukari ya kawaida na gramu 400 za siagi hutoa krimu ya kutosha keki ya inchi 8. Asiyetaka mayai anaweza kupika uji mzito wa maziwa, sukari na unga wa ngano, akauacha upoe kabisa, kisha akaupiga na siagi. Huko nako sukari imeyeyuka. Krimu hizi mbili si tamu sana, na waliozoea ile ya sukari nyingi huzilalamikia kwa hilo. Mimi naona hiyo ni sifa. Lakini asikudanganye mtu kwamba zinahimili jua: mafuta yake ni siagi ileile, na kanuni ya nyuzi ni ileile.

Vitundu vya hewa vinahitaji maneno machache tu. Siagi hupigwa peke yake kwanza, dakika tano au zaidi, mpaka umanjano wake ufifie. Hapo tunataka hewa. Mwishoni hatuitaki tena. Sukari ikishaingia yote, shusha mashine kwenye kasi ya chini kabisa kwa dakika tatu hadi tano, kisha zima, chukua mwiko wa mpira na uikandamize krimu kwenye ukuta wa bakuli, mbele na nyuma, mpaka utakapoona uso wake umefumba. Vitundu vinavyoonekana kwenye keki iliyokamilika vilikuwa bakulini tangu mwanzo. Mwenye mashine ndogo ya mkono hapungukiwi na kitu hapa, kwa kuwa kazi hii ya mwisho hata mwenye mashine kubwa hufanya vizuri zaidi kwa mwiko.

Keki yenyewe ina sehemu kubwa ya hatia kuliko inavyodhaniwa. Keki yenye vuguvugu ndani, hata kama ganda limepoa, itaiyeyusha krimu kutokea chini, na ubavu wote utateremka polepole wewe ukiwa umeshaondoka mezani. Ipoe kabisa, ifungwe kwa plastiki ya chakula, iingie friji walau saa mbili; ikitoka imekaza na haimwagi makombo ovyo. Lakini isitoke friza moja kwa moja. Keki iliyogandishwa huikaza krimu papo hapo inapoigusa, kabla hujapata nafasi ya kuinyoosha, na baadaye hewa iliyonaswa ndani hutanuka kadiri keki inavyopata joto na kusukuma uvimbe chini ya krimu uliyoinyoosha kwa taabu. Kata kichwa cha keki kwa kisu cha mkate chenye meno ili kila tabaka liwe sawasawa, jaza katikati, kisha iache saa kadhaa ikiwa na sahani nyepesi juu yake. Tabaka zitashuka na kutulia. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoona, asubuhi ya sherehe, mkanda uliotuna kuzunguka keki pale tabaka mbili zinapokutana.

Kisha paka tabaka la kwanza, jembamba kiasi cha keki kuonekana kwa chini, lisilo na kazi nyingine zaidi ya kufunga makombo. Tumia krimu iliyotengwa kwenye bakuli lake, kwani kisu kilichogusa makombo kikirudi kwenye bakuli kubwa kimechafua yote. Fundi lipu hategemei rangi izibe mashimo ya ukuta. Vivyo hivyo tabaka hili ndilo linalosawazisha umbo, na la juu linakuja kukamilisha tu. Rudisha keki friji dakika 20 hadi 30, mpaka ukiigusa kwa ncha ya kidole hakishiki krimu. Sasa una ukuta baridi na mkavu, na krimu laini ya nyuzi 21 bakulini. Hiyo ndiyo tofauti ya joto unayoihitaji: tabaka jipya linakaza kwa chini taratibu, likikuachia dakika chache za kulinyoosha kwa juu.

Baada ya yote haya mkono una kazi fupi. Paka krimu nyingi kuliko utakayoiacha, maana kupunguza ni rahisi na kuziba shimo ni balaa. Simamisha skrepa wima, ukingo wake wa chini ukikaa kwenye ubao wa keki, uielekeze kwako kidogo, kisha zungusha keki kwa mkono mwingine mzunguko mzima bila kusimama. Skrepa haitembei, keki ndiyo inayotembea. Futa ukingo, jaza palipo na shimo, zungusha tena. Asiye na meza ya kuzungusha aweke ubao wa keki juu ya sahani iliyopinduliwa na kitambaa chenye unyevu katikati, azungushe polepole. Ukingo wa juu utabaki na mdomo uliochongoka. Uache, rudisha keki friji dakika 15, ndipo uukate kwa kisu safi ukivuta kutoka nje kuelekea katikati. Wapo wanaomalizia kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. Kinafaa kwa mikwaruzo midogo, mradi kifutwe kikavu kabisa kila mara, kwa sababu hulainisha kwa kuyeyusha ngozi ya juu tu. Krimu yenye vitundu ndani ikipitishwa kisu cha moto huonyesha vitundu vipya.

Wako watakaosema yote haya ni mzunguko mrefu: tumia majarini, ni rahisi na inahimili joto. Bei, nakubali. Lakini Blue Band na majarini nyingine za kupaka mkate zimetengenezwa zipakike kirahisi, si zisimamishe ukuta wa krimu, na kiasi cha mafuta ndani yake hutofautiana. Soma pakiti, na ukiona mafuta yako chini ya asilimia 80, jua kwamba pengo limejazwa zaidi na maji, na krimu yake italegea. Njia ya kati yenye akili ni kubadilisha robo mpaka nusu ya siagi kwa mafuta magumu meupe ya mimea, yale ya kopo kama Kimbo, ambayo huanza kulegea kwenye joto la juu zaidi. Utapata nyuzi chache za usalama na utapoteza ladha kiasi. Ukizidisha nusu, krimu huacha utando kwenye kaakaa usiotaka kuondoka. Angalia pia kwamba lebo inaonyesha hakuna mafuta ya trans, ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi ziyaondoe kwenye vyakula vya viwandani.

Pingamizi la pili ni kwamba krimu ya kupiga, ile ya unga au ya boksi, ni nyepesi na wateja wengi wanaipenda, na kwamba fondanti huficha kila kitu. Krimu ya kupiga ni chaguo halali, ila nayo haikwepi joto: hupigwa ikiwa baridi na kukaa baridi, na ikipigwa kupita kiasi hukatika na kujaa vinyweleo ambavyo hakuna skrepa inayovitibu. Fondanti haifichi chochote. Hulala juu ya krimu na kuchora kila bonde lililo chini yake, hivyo anayeikimbilia bila kujua kusawazisha krimu hulipa gharama mara mbili. Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kiyoyozi hakipo, na umeme hukatika. Jibu lake ni saa. Paka alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa mbili, kabla oveni haijawashwa, na uoke jioni iliyotangulia. Kuwa na boksi la barafu lenye kifuniko, lile la kuuzia soda, kama friji ya akiba. Gawa krimu katika bakuli mbili, moja mkononi, nyingine kwenye baridi, na ubadilishane. Feni haishushi nyuzi za chumba, lakini hukausha uso wa krimu ya sukari nyingi ukapata ngozi nyembamba, ambayo unaweza kuisugua taratibu kwa karatasi laini isiyo na nakshi na ikanyooka. Siku yenye unyevu mwingi ngozi hiyo haitokei, usipoteze muda kuisubiri.

Keki ikishatulia friji, hatari ya mwisho ni jasho. Keki yenye nyuzi 4 ikitolewa kwenye hewa nzito ya pwani hukusanya matone ya maji usoni ndani ya dakika chache, rangi zikachuruzika, hasa nyekundu na nyeusi. Iweke kwenye boksi ingali friji, ulifunge, na isafiri hivyohivyo. Matone yatajiunda juu ya boksi badala ya krimu, na likifunguliwa baada ya keki kukaribia joto la nje hakuna kitakachotona. Usiifute ikitoa jasho, iache ikauke yenyewe. Mwandikie mteja juu ya boksi kwamba itolewe friji saa moja kabla ya kukatwa, kwani siagi baridi haina ladha yake yote. Na mteja anayetaka keki ya harusi isimame chini ya turubai tangu saa sita mchana mpaka jioni, mwambie kabla hujapokea malipo ya awali kwamba krimu ya siagi haitamfaa, umpe aina nyingine.